Kupeleka Familia Tsavo Mashariki Mpaka Maporomoko ya Lugard: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila shule zikikaribia kufungwa, maswali huwa ni yaleyale. Gari dogo litafika? Mtoto wa miaka mitatu ataliweza jua la kule? Tulale ndani ya mbuga au Voi mjini? Halafu kuna swali ambalo huja baada ya safari, likiwa na uchungu kidogo: "Mbona maporomoko yenyewe si marefu?"

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowaharibia watu siku. Lugard si Nyahururu. Kule Nyahururu maji huanguka mita 74, unasimama juu unatazama chini. Hapa, mto Galana unakuja mpana na mtulivu, unakutana na mwamba, unabanwa, kisha unapenya kwenye ufa mwembamba ukilalamika na kutoa povu. Anayetafuta urefu atarudi amenuna. Cha kutazama ni mwamba wenyewe, na ajabu ya kukuta mto mzima katikati ya nyika ya Taru, ambako umetoka kuendesha saa nzima bila kuona tone. Waambie watoto hivyo kabla ya kuondoka nyumbani.

Neno moja kuhusu maji hayo, kisha tuingie kazini. Mvua ya Tsavo Mashariki ni haba, nchi ni nusu jangwa, lakini Galana haukauki kwa sababu haunywi mvua ya hapo. Unazaliwa ndani ya mbuga pale mito ya Athi na Tsavo inapokutana. Athi inatoka huku nyanda za juu za Nairobi, na Tsavo inapata maji ya chemchemi za Mzima. Ukifika Pwani watu wanauita Sabaki, nao unaingia baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo mvua ikinyesha sana bara, mto unafura hata kama Voi kuna vumbi tupu. Kumbuka hilo tukifika hatua ya nane.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha kila mtu mzima, na cheti cha kuzaliwa au kadi ya shule ya kila mtoto. Ada za raia, wakazi na wageni ni tofauti, na za watoto ni tofauti na za wakubwa. Bila karatasi utabishana getini huku jua likipanda.
- Akaunti ya eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, inayofanya kazi.
- Gari lenye gurudumu la akiba zima, jeki, spana ya magurudumu na kipimo cha upepo. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni bora zaidi.
- Mitungi ya maji, wa lita 20 mmoja na wa lita 10 mmoja, na chupa ya chuma au ya plastiki ngumu kwa kila mtu.
- Kofia pana, nguo za mikono mirefu za rangi ya udongo au kijivu. Bluu iliyokolea na nyeusi acheni nyumbani, mbung'o wanazipenda.
- Viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika. Malapa hayafai mwambani.
- Darubini, hata ya bei rahisi. Mkiwa watano chukueni mbili, vinginevyo mtapigana.
- Ramani ya mbuga mliyoipakua kwenye simu mapema, na pawabenki.
- Sanduku la huduma ya kwanza: dawa ya maumivu na homa ya watoto, plasta, bendeji, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), dawa ya mbu.
- Kijembe kidogo au koleo, karatasi ya chooni, na poti kama una mtoto mdogo.

Chandarua ongezeni ikiwa mtalala kambini.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi kwanza, tarehe baadaye.

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, za vuli ni Oktoba mwishoni hadi Desemba. Kwa familia inayokwenda mara ya kwanza, Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu: joto limepungua, barabara zimekauka, majani yamepukutika kwa hiyo wanyama hawana pa kujificha. Januari na Februari pia wanyama huonekana vizuri, ila jua ni kali. Kama una mtoto mchanga au mzee mwenye presha, ruka miezi hiyo. Aprili na Mei nchi inakuwa ya kijani hadi huamini ni palepale, lakini udongo mwekundu uliolowa huteleza kama sabuni na baadhi ya njia hufungwa.

2. Amua mtaingilia geti gani, kisha ndipo utafute pa kulala.

Watu wengi hufanya kinyume. Wanalipia chumba kwa sababu picha zake ni nzuri, halafu wanagundua kiko upande mwingine kabisa wa mbuga yenye zaidi ya kilomita za mraba 13,000.

Mageti mtakayoyasikia ni manne. Voi na Manyani yako upande wa barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na yote mawili yanafaa kwa Lugard. Bachuma ni kwa anayetoka Mombasa, lakini liko mbali na maporomoko. Sala ni kwa anayetoka Malindi, nalo lina uzuri wake: barabara yake inafuata Galana.

Kwa mara ya kwanza nashauri Voi. Mji uko hapohapo, kuna petroli, hospitali, mafundi na nyumba za kulala za kila mfuko. Lala mjini usiku wa kwanza. Mkitaka kulala ndani, kambi ya Ndololo haiko mbali na geti la Voi, na ndovu hupita karibu kiasi kwamba mtoto hatasahau. Mimi sipendi kuwapeleka watoto wa chini ya miaka mitano kwenye hema mara ya kwanza kabisa. Si kwa sababu ya simba. Ni choo cha saa nane usiku ndicho kinachonitisha.

Hamna gari? Treni ya Madaraka inayosimama vituo vya njiani hushusha Voi, na kutoka hapo mnakodi gari la watalii la paa la kufunguka. Bei iandikwe kwa siku nzima, na taja jina "Lugard" wakati wa kupatana. Madereva wengine hupiga bei ya kuzunguka Voi na Aruba tu, kisha mkiwa ndani wanaanza kulalamikia petroli.

3. Lipa jana yake.

KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, haipokei pesa taslimu getini. Malipo hupitia eCitizen, na unaweza kulipa kwa M-Pesa. Fanya hivyo usiku, ukiwa na mtandao mzuri, watoto wamelala. Piga picha ya risiti ikae kwenye simu mbili. Gari lina ada yake, kulingana na idadi ya viti, na hii ndiyo watu husahau. Angalia viwango siku unayolipa. Usitegemee alichokuambia binamu aliyeenda mwaka juzi.

Muulize pia askari wa getini, kabla hujaingia, kama ukitoka unaweza kurudi kwa tiketi ileile. Msipange kutoka kwenda kula mjini mpaka mpate jibu lake.

4. Kagua gari mwenyewe, hata kama ni la kukodi. Hasa kama ni la kukodi.

Wakati mmoja tulipata pancha tukiwa tumeshapita nusu ya njia ya kwenda mtoni. Nikatoa gurudumu la akiba kwa madaha, mzee mzima anayejua anachofanya. Nikalibonyeza. Lilikuwa laini kama ndizi iliyoiva. Aliyetukodisha alikuwa amenionyesha kwamba *lipo*. Mimi sikuuliza kama lina upepo. Tulikaa pale saa moja na dakika ishirini hadi gari la watalii likapita na pampu.

Basi, kabla ya kuondoka:

- Pima upepo wa magurudumu yote *matano*.
- Legeza nati moja ya kila gurudumu kisha uikaze tena. Nati zilizokazwa na mashine ya karakana wakati mwingine hazifunguki kwa spana ya mkono, na heri ulijue hilo Voi.
- Angalia maji ya redieta, oili, na mkanda wa feni.
- Washa kiyoyozi dakika kumi uone kama sindano ya joto inapanda.
- Jaza tangi Voi. Ndani ya mbuga chukulia hakuna kituo cha mafuta.

Gari dogo litafika? Wakati wa kiangazi, kwa barabara kubwa ya udongo, ukienda taratibu, litafika. Nimeyaona yamefika. Lakini chini yake patakwaruzwa, na vijia vya pembeni vya mtoni visahau. Mvua ikinyesha, ni 4x4 au muahirishe.

5. Piga hesabu ya maji kwa lita.

"Tumebeba maji ya kutosha" si hesabu. Mtu mzima lita 4 kwa siku, mtoto lita 2. Baba, mama na watoto watatu ni lita 14 za kunywa tu. Ongeza za kunawa, za kulowesha kitambaa cha shingoni, na za redieta. Ndiyo maana nimesema mtungi wa 20 na wa 10. Wa 10 msiuguse mpaka mmetoka getini jioni. Huo ni wa matatizo.

Tahadhari: tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa za Kenya. Ile katoni ya chupa ndogo mliyonunua sokoni itabaki getini, pamoja na mirija ya watoto na sahani za kutupa. Kila safari naona familia imesimama getini ikimimina maji ya chupa kumi na mbili kwenye chochote kilichopo.

Gandisha nusu ya chupa usiku, juu yake mwaga maji asubuhi. Yatakuwa baridi hadi saa sita.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono ndani ya gari: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, mahamri, njugu, ndizi. Nyama ya mchuzi haivumilii joto. Machungwa na maembe msibebe hata kama watoto wanayapenda. Ndovu hunusa harufu yake kwa mbali na nyani huijua vizuri sana. Nyani wa Tsavo hafikirii mara mbili kuingiza mkono dirishani.

6. Muwe getini saa 12 asubuhi.

Hili ndilo shina la mwongozo wote. Nyika hii haipimwi kwa kilomita, inapimwa kwa saa. Asubuhi mapema simba hawajaingia kivulini, watoto wana nguvu, mwamba wa Lugard ni baridi na mwanga ni wa pembeni. Kuanzia saa 5 mpaka saa 9 mchana hakuna mnyama wala mwanadamu anayefurahi.

Safari yetu ya kwanza kabisa tulitoka Mombasa saa 4 asubuhi, tukijidai ni karibu. Voi tulifika saa 7, tukala, tukalipa, tukaingia. Mtoni tukafika saa 9 na nusu. Watoto wawili wamelala, wa tatu analia, jiwe linachoma kupitia soli. Dakika kumi, picha tatu, tukageuza mbio kuwahi geti la saa 12 jioni. Watoto hadi leo wakisikia Lugard wanasema "pale pa moto".

Kwa hiyo watoto wavalishwe nguo za safari *usiku*, walale nazo. Asubuhi unawabeba tu.

7. Endesha kama mgeni kwenye nyumba ya mtu.

Mwendo wa juu ni kilomita 40 kwa saa. Kutoka geti la Voi hadi Lugard tenga saa moja na nusu hadi mbili, mkisimama kutazama wanyama. Msitoke kwenye barabara kufuata mnyama, msipige honi, msilishe chochote. Hakuna kutoka nje ya gari isipokuwa mahali palipowekwa kibao cha ruhusa. Lugard na jabali la Mudanda ni miongoni mwa mahali hapo.

Kitakachowashangaza watoto kwanza ni ndovu wekundu. Si aina nyingine. Wamejipaka vumbi la hapo. Wakichoka na ndovu, wape kazi ya kutafuta wanyama wa nchi kame ambao hawako Nairobi: swala twiga, mwenye shingo ndefu, anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma kula majani ya juu, choroa mwenye pembe kama mikuki miwili, tandala mdogo mwenye mistari myeupe ubavuni. Anayeona wa kwanza anapata njugu ya ziada. Simba dume wa Tsavo wengi hawana manyoya marefu shingoni, kwa hiyo msimpite dume mkidhani ni jike. Wakubwa kidogo wasimulieni habari za 1898, simba wawili waliowala wajenzi wa reli pale daraja la Tsavo hadi Patterson, mhandisi wa daraja hilo, alipowaua Desemba mwaka huo. Ngozi zao ziko kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Wadogo msiwasimulie mpaka mrudi nyumbani. Mimi nilisimulia, na hakuna aliyekubali kuchimba dawa siku nzima.

Tahadhari ya ndovu: akitandaza masikio, akatikisa kichwa na kukutazama uso kwa uso, umemkaribia mno. Usizime gari, usipige honi. Rudi nyuma polepole. Dume mwenye majimaji yanayotiririka shavuni, geuza mapema ukiwa bado mbali.

8. Maporomoko: dakika arobaini na tano, na kila mtoto na mkubwa wake.

Mkishafika, msifungue milango. Kaeni dakika mbili mtazame pande zote, na vichakani hasa. Kisha mkubwa mmoja ashuke kwanza.

Kabla ya kukaribia maji, gaweni watoto: kila mtoto wa chini ya miaka kumi ana mkubwa mmoja anayemshika mkono. Si "tunawaangalia wote". Anayewaangalia wote hamwangalii yeyote. Kama wakubwa hawatoshi, nendeni kwa zamu, wengine wabaki garini.

Mwamba ni mkavu juu, lakini pale maji yanaporukia una ute wa kijani usioonekana vizuri. Mstari wetu ni huu: jiwe likibadilika rangi, hapo ndipo mwisho. Kuna watu husimulia jinsi walivyopanua miguu wakavuka ufa pale mto unapobanwa zaidi. Msijaribu, na msimsifu anayejaribu. Maji yale chini ya jiwe yana kasi ambayo muogeleaji hodari hana la kuifanya, na chini kidogo mto unapotulia kuna mamba na viboko. Kuosha miguu, kuchota maji, kuloweka vidole: hakuna, si hapa wala kwenye mchanga mzuri wa chini unaovutia kama ufuo.

Sasa ya kutazama. Mwamba una mistari ya kijivu, nyeupe na waridi, imepindapinda kama kitambaa kilichokamuliwa. Ndani yake kuna mashimo ya mviringo, mengine ya kutosha ngumi, mengine ya kumeza mtoto mzima. Binti yangu alipiga magoti kando ya moja, mbali na maji, akaingiza mkono hadi begani. Lilikuwa laini ndani. "Nyanya, hiki kinu." Mama yangu akainama, akachungulia kwa muda, akauliza, "Na mchi wake uko wapi?" Chini kabisa kulikuwa na mawe matatu ya duara, yamekaa. Huo ndio mchi: mto ukifurika huzungusha mawe hayo palepale, mwaka baada ya mwaka, mpaka yanatwanga mwamba na yenyewe yanaisha. Binti alitaka kubeba moja. Hapana, kuchukua jiwe, ua au mfupa mbugani ni kosa.

Ng'ambo ya mto mtaona mstari mrefu uliolala sawasawa kama umepigwa rula. Huo ni uwanda wa Yatta, lava iliyoganda, karibu kilomita 300 kwa urefu.

Kiangazi mto ukiwa chini mashimo na ufa vyote huonekana. Baada ya mvua kubwa za bara, maji ya rangi ya chai ya maziwa hufunika karibu kila kitu na kishindo chake husikika toka mlipoegesha. Siku hiyo tazameni kutoka juu tu. Mashimo mtayaona safari nyingine.

Jina? Ni la Frederick Lugard, mwanajeshi Mwingereza aliyepandisha mto huu mwaka 1890 akielekea bara.

9. Ondokeni saa 4, na mtafute kivuli.

Kurudi, kama watoto bado wana nguvu, piteni Mudanda, kati ya Manyani na Voi. Ni jabali lenye urefu wa kilomita 1.6 hivi, na maji ya mvua yanayoteremka juu yake hujikusanya kwenye bwawa chini. Mnapanda kwa nyuma, mnakaa kimya, ndovu wanakunywa chini yenu. Mkifika juani saa 6, jiwe litawakaanga. Basi ipiteni tu.

Saa za mchana kaeni chini ya miti, kuleni, mlale. Anayelazimisha watoto kutafuta chui saa 7 mchana atajuta. Kuanzia saa 9 na nusu zungukeni karibu na Voi, upande wa kinamasi cha Kanderi, au bwawa la Aruba kama mna muda. Aruba hukauka miaka ya ukame, kwa hiyo ulizeni getini kabla ya kwenda.

10. Saa 11 na nusu muwe mnaelekea geti.

Gizani hakuna kuendesha mbugani. Ukichelewa utalazimika kujieleza, na hakuna maelezo mazuri.

Mambo yakienda mrama

*Gari limezama mchangani.* Acha kukanyaga mafuta, unachimba kaburi la gari. Tazameni pande zote kwanza. Punguza upepo wa magurudumu hadi kama psi 18 au 20, fukua mchanga mbele ya matairi, weka zulia za gari chini yake, kisha toka kwa gia ndogo polepole. Ukishatoka jaza upepo tena. Ndiyo kazi ya ile pampu.

*Pancha.* Egesha mahali wazi, mbali na vichaka. Mmoja anafanya kazi, mmoja amesimama akiangalia tu, watoto ndani.

*Gari limekufa kabisa.* Msitembee. Hata kama geti mnaliona kwenye ramani. Kaeni ndani, fungueni madirisha kidogo, inueni boneti ili wapitao wajue. Jana yake mliacha jina, namba ya gari na njia kwa mtu aliye nyumbani, sivyo? Na namba ya dharura ya KWS mliiandika kwenye karatasi mlipokuwa getini. Mtandao ukipotea, jaribuni ujumbe mfupi. Hupenya pale simu inapogoma.

*Mtoto amelegea, midomo imekauka, hajakojoa tangu asubuhi.* Joto limemshinda. Mpeleke kivulini, mvue viatu, mlowesheni shingo na kwapa, mpe ORS kijiko kwa kijiko. Hamna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika kila anachopewa, au mwili ukawa moto sana, ziara imekwisha: Voi hospitali, moja kwa moja.

*Nyani ameingia garini.* Fungua milango yote, simama mbali, mwachie chakula. Mkoba anaoushika usiuvute.

*Mmepotea.* Njia panda nyingi zina nguzo zenye namba. Pigeni picha ya kila nguzo mnayopita. Mkichanganyikiwa, rudini mpaka ya mwisho mnayoitambua.

*Homa wiki moja au mbili baada ya kurudi.* Pimeni malaria siku hiyohiyo, na daktari mwambieni mlikuwa Tsavo.

Na nguo zilizojaa lile vumbi jekundu zikung'uteni nje kabisa kabla ya kuziloweka, tena kando na nyingine. Shati jeupe lisahauni. Kichujio cha hewa cha gari kipigwe upepo na fundi hapo Voi kabla hamjaanza njia ya kurudi.